Usisubiri Mei, mbegu za maua mwaga kabla theluji haijashuka

Ndugu zangu tulio Minnesota, Iowa, Wisconsin na hizo stete za jirani, najua majani yakishaanza kupukutika wengi wetu tunaingiza reki garaji na kusema bustani basi mpaka mwezi wa tano. Tumekulia sehemu ambazo mbegu inaingia ardhini mvua zikianza, kwa hiyo mtu akikwambia mwaga mbegu Novemba wakati kila kitu kinakauka unaona anakupotezea hela. Lakini kuna maua mengi tu ambayo mbegu zake haziamki mpaka zipigwe na baridi kwanza, na huku baridi ndo kitu pekee tunachopewa bure, sasa kwanini tusiitumie.

Ngoja nieleze inavyokuwa maana ukielewa hapa mengine yote yanakuwa rahisi. Mimea ya asili ya huku ikidondosha mbegu Septemba, mbegu ikiota palepale kale kamche kangekufa Desemba. Ndo maana mbegu ina kama kufuli, haifunguki mpaka ikae kwenye unyevu na baridi kwa wiki kadhaa, zingine mwezi mzima, zingine zaidi. Ukizinunua Mei ukazimwaga tu kutoka kwenye pakiti zinakaa kimya, unamwagilia wee mpaka unachoka, unasema mbegu mbovu. Hazikuwa mbovu, zilikuwa hazijaona winta.

Kitu cha pili, ule udongo wetu wa juu ukiganda usiku na kuyeyuka mchana unapasuka vijinyufa vidogo vidogo, na mbegu zinazama zenyewe kwenye kina zinachokitaka bila wewe kufukia. Ikija theluji juu yake inatunza unyevu na inazuia ile baridi kali isizame sana. Aprili theluji ikiyeyuka mbegu iko tayari na maji yapo, inaota kwa saa yake yenyewe. Miche ya namna hii mi naipenda kuliko ile ya kuotesha dirishani ambayo inarefuka kwa kutafuta mwanga halafu ukiitoa nje inalala.

Sasa lini? Hapa ndo watu wanapoharibu. Sio Septemba wakati bado joto lipo, maana zile zinazoota haraka zitaota halafu zife. Kwa Minneapolis na maeneo yake jalidi ya kwanza, yaani ile baridi ya kugandisha, kwa kawaida inakuja Oktoba, lakini usikimbilie hiyo ya kwanza, baada yake huwa kuna siku za joto tena zinazodanganya. Subiri mpaka baridi ikae kabisa, yaani mwisho wa Oktoba kwenda katikati ya Novemba, udongo ukiwa umeshuka chini ya Fahrenheit 40 hivi, ambayo ni kama nyuzi 4 za Selsiasi, lakini bado haujawa jiwe. Ukiweza kukwaruza juu kwa reki, uko ndani ya muda. Wa Iowa kusini chelewesheni kidogo. Wenzetu wa Uingereza na sehemu za Ulaya ambako winta ni laini wana utaratibu mwingine kwa maua ya mwaka mmoja, wao wanasia Septemba ili mche uingie winta ukiwa na majani machache, huku kwetu usiige hiyo.

Mbegu zipi? Hili lichukulie kwa uzito kwa sababu sio kila ua linafaa. Kanuni yangu ni kuuliza asili ya hilo ua ni wapi. Zinia na marigoldi asili yake ni Meksiko, hazijui jalidi, hizo ziache mpaka Mei ardhi ipate joto. Yale maua ya kivulini wanayouza sana hapa, Impatiens walleriana, hayo ni ya kwetu kabisa Afrika Mashariki kushuka mpaka Msumbiji, na jalidi moja tu inayalaza chini, kwa hiyo nayo hapana.

Yanayofaa ni haya, na naandika majina kama yalivyo kwenye pakiti ili usipotee dukani. Rudbeckia hirta, ya njano yenye jicho la kahawia katikati, ngumu haichagui udongo, kwa anayeanza ningeanza na hii. Echinacea purpurea, ya zambarau, nyuki wanaipenda mno. Monarda fistulosa kama unataka harufu. Kwenye ya mwaka mmoja kuna popi nyekundu, Papaver rhoeas, kuna ile ya bluu Centaurea cyanus, kuna Nigella damascena, kuna na lakispa ambayo inauzwa kama Consolida au Delphinium. Lakispa ni ya kusia sasa kabisa kwa sababu inaota vizuri ardhi ikiwa baridi, ukichelewa mpaka joto la Mei inagoma. Ila ina sumu, mbegu na majani yote, kama una mtoto wa kutambaa anayetia kila kitu mdomoni iache kwanza.

Halafu kuna Asclepias, kwa Kiingereza milkweed. Hii naiombea nafasi kwenye kila bustani ya Mswahili aliyeko huku. Yule kipepeo monaki wa rangi ya chungwa na mistari myeusi anataga kwenye jamii ya mmea huu tu, funza wake hawali kitu kingine, na ni vipepeo hao hao kizazi cha mwisho wa sama wanaruka kutoka huku Minnesota mpaka milima ya Michoacán, Meksiko, kukaa winta. Bustani ikiwa na hii kitu watoto wako watawaona funza wenye mistari myeupe, mieusi na ya njano wakitafuna majani uani kwenu, hutahitaji kuwapeleka popote. Kwa uwanja mdogo usichukue Asclepias syriaca, inatambaa chini kwa chini mpaka kwa jirani. Chukua Asclepias tuberosa kama pako pakavu na jua kali, au Asclepias incarnata kama pana unyevu. Na usichukue Asclepias curassavica, hiyo ni ya nchi za joto, winta yetu haivuki. Utomvu wa Asclepias ukishika usijifute macho, unachoma vibaya.

Kuandaa sehemu ndo kazi kubwa, kumwaga mbegu kwenyewe ni dakika chache. Chagua panapopata jua angalau masaa 6 ya siku, na epuka ule ukanda wa pembeni ya barabara na draivuwei ambako theluji yenye chumvi inarundikwa, chumvi inaua miche. Anza padogo, futi 4 kwa 8 inatosha sana. Kama ni nyumba ya kupanga muulize mwenye nyumba kabla hujagusa ukoka wake, omba kona moja ya ukutani, wengi wanakubali ukiwaambia ni maua.

Ng'oa ukoka na mizizi yake yote kwa sepeto, ukate juujuu kama unachuna ngozi. Usilime kwa kina! Chini kule kuna mbegu za magugu zimelala miaka, ukizigeuza juu umeziamsha zote. Kwaruza tu juu kwa reki sentimita 2 au 3, vunja mabonge, okota mawe. Mbolea usiweke, wala usimwage mifuko ya samadi, maua haya yamezoea udongo wa kawaida na ukiurutubisha wanaonenepa ni magugu. Udongo wa mfinyanzi nao unafaa, usihangaike kuubadilisha.

Siku yenyewe chagua siku isiyo na upepo. Mbegu za popi ni ndogo kama ugoro, ukimwaga hivi hivi zinaangukia sehemu moja zote, kwa hiyo chukua kopo, weka mbegu, weka mchanga mkavu mara kumi ya hizo mbegu, changanya. Gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza mwaga ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia, la pili ukitoka juu kwenda chini, ndo hazitaacha mapengo. Mchanga wa rangi nyeupe unasaidia kwa sababu unaona ulipopita. Halafu weka ubao au kipande cha boksi juu na uukanyage kwa miguu, tembea tembea mpaka mbegu zigusane na udongo vizuri. Usifukie popi wala Rudbeckia, zinahitaji mwanga ili ziote. Lakispa ni kinyume chake, inataka giza, ifunike udongo milimita 6 hivi, na Echinacea na Asclepias nazo zifunike kidogo.

Maji usimwagilie. Najua mkono unawasha, lakini acha, usizipe sababu ya kuamka mapema. Kinachotakiwa ni kuwazuia ndege na hawa kuchakuro wa huku, laza wavu wa kuku juu yake na uubane kwa mawe, uutoe Aprili mwanzoni. Majani makavu ya miti yakijaa juu yake yapunguze yasikae kama blanketi zito, machache sio shida. Na weka alama, jamani, vijiti vinne kwenye kona na kibao chenye majina, sababu Mei ukiona vitu vya kijani vinachomoza utashindwa kujua kipi mche kipi gugu, na penseli ndo inadumu kwenye kibao, wino wa kalamu unafutika na theluji.

Kwa walio apatimenti wenye balkoni tu, tumieni yale madumu ya maziwa ya galoni moja. Toboa matundu ya kutolea maji kule chini, kata katikati kuzunguka lakini uache kipande upande mmoja kama bawaba, jaza udongo wa pakiti sentimita 8 mpaka 10, lowesha, sia, funga kwa utepe wa gundi, kifuniko cha juu toa utupe ili mvua na theluji ziingie. Weka nje hata Januari. Aprili ukiona miche imegusa juu fungua mchana funga usiku, ikikomaa hamishia kwenye chungu.

Mbegu nunueni kwa wanaouza za asili ya eneo lenu, na zile kopo za mchanganyiko zenye picha nzuri someni majina nyuma, ukikuta Hesperis matronalis rudisha, inavamia misitu ya huku. Na ukitoka likizo Nairobi au Dar usibebe mbegu kwenye begi bila kibali na karatasi za afya ya mimea, zitachukuliwa airport.

Mwaka wa kwanza Juni na Julai utapata popi, lakispa na zile za bluu. Echinacea na Asclepias zitatoa majani tu, usizing'oe ukidhani zimegoma, zinashusha mizizi kwanza na maua yake ni kuanzia mwaka wa pili. Miche ikibanana ipunguze ibaki sentimita 20 mpaka 30 kati ya mmoja na mwingine, kwa kukata na mkasi badala ya kung'oa ili usivuruge mizizi ya jirani yake. Vichwa vikikauka Septemba kata vichache, weka kwenye bahasha ya karatasi sio ya plastiki maana vinaota ukungu, andika jina, na Novemba unatumia hizo hizo.