Namna ya Kuandika Mbinu ya Kufundisha Kiingereza kwa Ajili ya Jarida: Kwa Wanachuo Wanaotoka Mazoezini

Kila mwaka wanachuo wetu wanaporudi Iringa kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, wengine Makete, wengine Mufindi au Tukuyu, hurudi na mbinu nzuri zinazoishia kwenye daftari la maandalio ya somo. Wachache wanaojaribu kuziandikia makala huanza karibu wote kwa kosa moja, yaani ukurasa mzima kuhusu umuhimu wa Kiingereza duniani. Mhariri wa jarida la walimu wa Kiingereza anaujua umuhimu huo. Asichokijua ni ulivyofundisha kipindi cha dakika 40 ukiwa na wanafunzi 80, ubao na kipande cha chaki.

Chagua basi jambo moja, tena dogo. "Kufundisha matamshi" ni mada ya kitabu. "Kutenganisha sauti za l na r katika Kidato cha Kwanza bila redio" ni makala. Wanafunzi wengi wa huku kwetu huchanganya sauti hizo, na mwanachuo wangu mmoja alisoma sentensi ya mwanafunzi wake iliyotangaza kwamba Kyela hulimwa "lice", yaani chawa, badala ya "rice". Darasa lilicheka, naye hakukemea. Aliandika "rice" upande wa kushoto wa ubao na "lice" upande wa kulia, akafunika mdomo kwa daftari, akatamka neno moja, na wanafunzi wakainua mkono wa upande waliousikia. Alipogundua kwamba wengi wanaigiza mkono wa jirani, aliwataka wafumbe macho. Baadaye wanafunzi wenyewe walishika zamu ya kutamka, na hapo ndipo kazi ilipokuwa, kwa sababu aliyetamka vibaya aliona mikono ikipanda upande asioutaka.

Makala yote imo katika tukio hilo, ila lazima liandikwe jioni ileile kabla halijapoa. Andika idadi ya wanafunzi, dakika zilizotumika, maneno uliyoyatumia, swali lililokushinda na mahali mbinu ilipokwama. Wanachuo hupenda kuficha palipokwama wakihofia kuonekana dhaifu. Mimi huona kwamba ile habari ya kufumba macho ndiyo iliyoipa makala yake uzito, kwa kuwa mwalimu mwingine angekwama palepale.

Unapopanga rasimu, eleza kwa ufupi darasa na tatizo, kisha toa hatua za mbinu kwa mfuatano, halafu matokeo na mipaka yake. Hatua ndizo zipewe nafasi kubwa. Ili kuzipima, mpe rasimu mwenzako anayesomea Historia, umwombe aendeshe zoezi hilo mbele yako bila kukuuliza neno. Kila anaposita, pana hatua uliyoiruka. Katika matokeo, usiandike kwamba wanafunzi walielewa sana. Wape imla ya maneno 10 kabla ya zoezi na nyingine baada yake, uandike ulichohesabu hata kama tofauti ni ndogo, wala usidai kwamba darasa moja linathibitisha jambo kwa shule zote. Kiingereza chako nacho kiwe chepesi, maana maneno mazito ya kuazima humfanya msomaji ashuku kwamba hata mbinu yenyewe ni ya kuazima.

Omba ruhusa ya mkuu wa shule mapema, na majina ya watoto yasionekane popote.

Kuhusu mahali pa kupeleka, English Teaching Forum, jarida la serikali ya Marekani lililoanza miaka ya 1960, limechapisha kwa miaka mingi makala za mbinu za darasani, nazo zimekuwa zikisomwa bila malipo. ELT Journal, lililoanza mwaka 1946, hutaka mbinu ifungamane na nadharia na maandishi yaliyotangulia, kwa hiyo si pa kuanzia. Soma makala tatu za jarida ulilolichagua kabla ya kutuma, fuata masharti yake ya urefu, na usipeleke mswada mmoja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Ukipata barua pepe inayokusifu kupita kiasi, inayoahidi kukuchapisha ndani ya siku chache na kudai ada, ifute.

Majibu huchukua miezi, na mara nyingi huja na maswali. Jibu kila swali kwa namba yake. Usipokubaliana na mhariri, eleza sababu kwa adabu kwa kurejea kilichotokea darasani. Yule mwanachuo wa "rice" na "lice" aliulizwa ni wanafunzi wangapi waliopata zamu ya kutamka katika kipindi kile. Alifungua daftari lake la jioni ile, akakuta ameandika: kumi na wanne, wa mwisho kengele ikilia.