Ukingo wa Kinamasi Hupimwa Wakati wa Mvua, si Kiangazi

Ndugu mkulima, kama uzio wa kinamasi chako uliupima kiangazi, basi huenda umeujenga ndani ya kinamasi chenyewe. Kosa hili linarudiwa kila msimu, tena na watu wenye nia njema. Wamekubali kutenga sehemu ya maji na kichaka cha asili, wametoa fedha zao kununua nguzo na seng'enge, halafu wanasubiri ardhi ikauke ndipo waanze kupima kutoka pale maji yalipokomea siku hiyo. Mvua zikirudi maji yanapita uzio, nguzo zinalala, na ng'ombe wanakanyaga eneo lilelile lililokusudiwa kulindwa.

Sehemu inayolowa kwa wiki chache tu za mwaka ndiyo yenye kazi kubwa. Maji yanayoteremka kutoka shambani yakifika hapo hupoteza kasi na kuacha tope. Udongo ulioshiba maji hukosa hewa, na vijidudu vilivyomo hugeuza naitrojeni ya mbolea kuwa gesi inayopanda angani badala ya kuingia mtoni. Vyura wengi hutaga kwenye vidimbwi vya muda kwa sababu samaki wanaokula mayai hawaishi humo. Hata Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971, unahesabu ardhioevu ya muda sawa na ya kudumu. Kwa hiyo usiseme "pale hapana maji, ni majani matupu", kisha ukapeleka jembe.

Utaratibu ni huu: vigingi masika, nguzo kiangazi. Mvua zikifika kilele, shuka ukapige vigingi pale maji yalipofika juu kabisa. Fanya hivyo ndani ya siku mbili, kabla hayajaanza kurudi. Weka kigingi kila baada ya mita 20, na kwenye kona za ukingo kila mita 10. Kata vigingi virefu, angalau mita moja juu ya ardhi, la sivyo majani yatavifunika na utarudi kiangazi kuvitafuta kwa kubahatisha.

Ukikosa kilele cha mvua, tafuta alama zake: mabua na takataka zilizonasa kwenye matawi, au mstari wa tope kwenye mashina. Zisipokuwepo, udongo utakuambia. Anzia kwenye maji, panda kwa mstari ulionyooka, na kila baada ya mita 5 chimba shimo la sentimita 50. Toa bonge la udongo ulipasue kwa mikono. Usilikate kwa beleshi, maana bapa lake linasugua na kuficha kile unachokitafuta. Ndani utaona rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu, mengine yakifuata vijinjia vya mizizi iliyooza. Hiyo ni chuma iliyomo ardhini: maji yakijaa inayeyuka, hewa ikirudi inaganda kuwa kutu. Shimo la mwisho lenye madoa hayo ndiyo ukingo wako, hata kama juu yake ni pakavu na umepalima miaka mingi. Rudia upande wa pili wa kinamasi. Usidhani pande mbili zinafanana. Penye udongo mweusi sana madoa hayaonekani vizuri, hapo fuata mwisho wa matete na mafunjo.

Ukishaupata ukingo, ndipo upime ukanda wa kinga kwenda nje, yaani eneo lisilolimwa wala kulishwa kati ya ukingo na uzio. Mteremko ukiwa mdogo, acha mita 10 kwa uchache. Ardhi ikishuka zaidi ya mita 1 katika kila mita 10, acha 20, na penye udongo mwepesi unaobebwa na maji acha 30. Sheria ya nchi yako ikidai zaidi ya hapo, fuata sheria. Na tafadhali tumia futi kamba. Hatua za miguu hufupika kila mtu anapokaribia mahindi yake!

Kwenye kichaka cha asili kosa ni lilelile kwa sura nyingine: uzio unapigiliwa kwenye mashina ya miti ya pembeni. Mizizi imeenda mbali kuliko matawi, na kwato zinaushindilia udongo juu yake hadi miti inaanza kukauka kuanzia kileleni. Pima mita 3 kutoka ncha ya tawi la nje kabisa. Usifurahie kichaka kisafi chini ambamo ng'ombe anapita bila kuinama. Miche yote imeliwa, na miti mikubwa ikizeeka hakuna ya kuirithi. Kama kati ya kichaka na kinamasi pana kipande kidogo cha shamba, viunganishe ndani ya uzio mmoja, kwani chura anayetaga majini hukaa sehemu kubwa ya mwaka chini ya majani makavu ya kichaka.

Nguzo zifukie theluthi moja ya urefu wake. Kama unazuia ng'ombe peke yao, waya wa chini uwe laini, usio na miiba, sentimita 40 kutoka ardhini, ili wanyama wadogo wapite. Birika la kunyweshea mifugo lijenge juu, nje ya ukanda wa kinga, kabla hujafunga uzio. Ng'ombe mwenye kiu atauvunja tu.

Ukanda wenyewe usiuchome moto. Lantana, kichaka vamizi kutoka ng'ambo, ing'oe kipande kwa kipande, ukisubiri miche ya asili ishike, maana ukifyeka yote kwa mara moja unaifungulia njia irudi kwa wingi zaidi.

Maji yakitoka safi na miche ikianza kuota chini ya miti mikubwa, kazi imeshika.

Wenye uzio uliokosewa, uhamisheni kiangazi hiki baada ya kupata ukingo kwa udongo, msingoje mafuriko yauhamishe. Seng'enge ya zamani iondoeni yote, hata vipande vilivyozama kwenye matope, kwa kuwa ndivyo vinavyokata miguu ya mifugo na wanyama wa porini.