Miche Bora ya Mpichi kwa Kilimo cha Kitalu Nyumba

Wakulima wengi wanaotaka kupanda mapichi ndani ya kitalu nyumba huweka fedha nyingi kwenye vyuma, nailoni na mipira ya umwagiliaji wa matone, kisha hutafuta miche mwishoni, haraka haraka, kwa yeyote aliye nayo. Utaratibu huo unapaswa kugeuzwa. Nailoni huzuia mvua, na hivyo hupunguza sana ugonjwa wa ukungu unaokunja majani machanga ya mpichi yanapolowa, lakini haiwezi kubadili aina ya mti wala kuponya mizizi iliyokuja na ugonjwa. Mambo hayo huamuliwa kwenye kitalu cha miche, mwaka mzima au zaidi kabla ya kupanda.

La kwanza ni aina. Machipukizi ya mpichi hulala wakati wa baridi, na hayaamki sawasawa mpaka yapate saa za kutosha chini ya takriban nyuzi joto 7 za Selsiasi. Elberta, aina ya zamani iliyotokea Georgia nchini Marekani, huhitaji takriban saa 800, ilhali FlordaPrince, iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Florida, hutosheka na takriban saa 150, na UFSun ya chuo hicho hicho takriban 100. Kwenye miinuko ya Lushoto, Njombe au Limuru, saa hizo ni chache hata mwezi Julai, kwa hiyo aina yenye mahitaji makubwa hubaki na matawi matupu, hutoa majani nchani tu, na maua yake hufunguka machache machache kwa muda mrefu. Anayekuuzia mche bila kuweza kutaja jina la aina yake hajakuuzia kitu unachoweza kukipangia kazi.

Katika jimbo la Liaoning, kaskazini-mashariki mwa China, ambako mapichi ya kitalu nyumba ni biashara kubwa, wakulima hufunika paa kwa mikeka mchana wakati wa vuli na kufungua matundu ya hewa usiku, ili jua lizuiwe na baridi iingie. Mti ukishatimiza usingizi wake ndipo hupashwa joto, na matunda yake huiva mapema kuliko ya shambani. Kwetu sisi jambo hili lina maana moja kubwa: kitalu nyumba kinachofungwa kuanzia Juni hadi Agosti humnyima mpichi baridi kidogo iliyopo. Nashauri kwa hiyo miche ikuzwe kwenye viriba au ndoo, nje, mahali penye hewa, na iingizwe ndani baada ya msimu wa baridi kupita.

Mche wa kitalu nyumba uwe wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa na jicho (chipukizi) la aina unayoitaka, kwa sababu mti uliotokana na mbegu hauaminiki kurudia tunda la mama yake. Mbegu hutumika kupata mche shina, yaani ule utakaotoa mizizi, na hapa wengi hukosea kwa kuchukua kokwa za mapichi yanayowahi kuiva. Katika aina hizo tunda huiva kabla kiini cha mbegu hakijakomaa, na kokwa nyingi haziwezi kuota. Chukua kokwa za mapichi ya kienyeji yanayochelewa, yaliyoivia mtini kwenye miti isiyo na dalili za ugonjwa, uondoe nyama yote na uzikaushe kivulini.

Kokwa hizo nazo zinahitaji baridi. Ziloweke kwa siku moja hadi mbili ukibadilisha maji, kisha zichanganye na mchanga au maranda ya mbao yenye unyevu usiodondosha maji, uzitie kwenye mfuko wenye vitundu vidogo na kuuweka sehemu ya chini ya jokofu, kati ya nyuzi 2 na 5, kwa wiki 8 hadi 12. Usiziweke kwenye kigandishi, na usiziweke pamoja na matunda yanayoiva, kwa kuwa gesi inayotoka kwenye matunda hudhuru mbegu na machipukizi. Kagua kila wiki, toa zilizoota ukungu, na zile zilizoanza kutoa mzizi zipande mara moja. Kuvunja ganda kwa uangalifu bila kuumiza kiini huharakisha kuota, lakini watoto wasiachwe kula viini hivyo, kwani vina kiasi cha sumu ya sianidi.

Kwa udongo wa viriba, sehemu tatu za udongo wa msituni, moja ya samadi iliyooza kabisa na moja ya mchanga hufaa. Usichukue kamwe udongo wa kitalu nyumba kilicholimwa nyanya, kwa kuwa mara nyingi una minyoo fundo, ile inayotia vinundu kwenye mizizi, wala udongo wa mahali palipong'olewa mipichi, ambako miche mipya hudumaa. Ikiwa kitalu nyumba chenyewe kilikuwa cha nyanya, inafaa kutafuta mche shina wa Nemaguard, uliotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1959, ambao hustahimili minyoo hiyo ingawa majani yake hugeuka manjano kwenye udongo wenye chokaa nyingi. Uagizaji wake, kama wa vikonyo (vijiti vya kukatia macho ya kubebesha) vya aina nilizotaja, unahitaji kibali cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya nchi husika: TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya. Msikwepe hatua hii, kwani virusi vya mipichi husafiri ndani ya jicho linaloonekana zima kabisa.

Mche shina ukifikia unene wa penseli, sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo, uko tayari kubebeshwa jicho. Mwagilia siku moja kabla ili gome liachane na mti kwa urahisi, na uchague siku kavu, kwa sababu mpichi hutoa utomvu mwingi kwenye kidonda kilicholowa. Kikonyo kitoke kwenye tawi lililokomaa la msimu huu. Hapa ndipo jicho la mkulima linahitajika zaidi: mpichi una machipukizi ya maua, manene na ya duara, na ya majani, membamba na yaliyochongoka, na ukibebesha la maua pekee utapata ua litakalopukutika na kuacha kovu. Kata jani ukibakiza kijishina chake kifupi, chana gome la mche shina kwa umbo la T, teremsha jicho, ufunge kwa utepe wa nailoni. Kisu kisafishwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mche mwingine. Baada ya wiki mbili hadi tatu, kijishina cha jani kikianguka kwa kuguswa tu na jicho likabaki la kijani, limeshika; kikikauka na kung'ang'ania, limekufa, nawe rudia upande wa pili.

Usikate mche shina wote kwa mara moja. Punguza ncha kwanza, acha majani ya chini yalishe mizizi, na ukate juu kidogo ya jicho chipukizi jipya likishasimama. Machipukizi yote ya mche shina yaondolewe yakiwa machanga. Chipukizi la jicho likifikia sentimita 40 hadi 50, kata ncha ili litoe matawi ya pembeni, maana mti wa kitalu nyumba hupangwa tangu chini uwe mfupi na wazi katikati.

Kabla ya kuhamishia ndani, toa miche michache kwenye viriba uikague. Wenye uvimbe mgumu shingoni au vinundu mizizini uchomwe, hata kama majani yake yanapendeza, na wenye mizizi iliyozunguka kiriba mara kadhaa ukataliwe. Kagua pia mgongo wa majani kwa vidukari na utitiri, kwa kuwa utitiri ukiingia kwenye joto kavu la nailoni huzaliana upesi sana. Panda mahali palipobebeshwa pakiwa juu ya udongo, na kwa wiki za kwanza acha kuta za pembeni wazi mchana, joto lisipite nyuzi 30.