Asidi ya traneksamiki kwenye upasuaji wa urembo wa uso: hatua kwa hatua

Asidi ya traneksamiki ni dawa ya kupunguza kutoka damu. Nawaandikia wenzangu wa usingizi, wauguzi wa chumba cha upasuaji na madaktari wanaoanza kufanya pua, kope na kukaza ngozi ya uso hapa Dar es Salaam. Kama wewe ni mgonjwa, soma ili ujue maswali ya kuuliza, lakini usidungwe dawa hii dukani.

Wengi tunaifahamu tangu leba. Watafiti Utako na Shosuke Okamoto, mke na mume, waliitangaza Japani mwaka 1962, na wanawake wa Tanzania walikuwemo kwenye utafiti wa WOMAN-2 kuhusu kutoka damu baada ya kujifungua. Dawa hii haigandishi damu. Damu hujigandia yenyewe. Dawa inazuia nyuzi za fibrini, zinazoshikilia donge la damu, zisiyeyushwe mapema. Kwa hiyo mshipa unaovuja bado utaufunga au utauchoma kwa mkono wako.

Hatua ya 1: Muulize mgonjwa, wiki mbili kabla

Ukiuliza "unatumia dawa gani?" utajibiwa "situmii". Diklofenaki ya mgongo iliyonunuliwa duka la jirani watu hawaihesabu. Taja moja moja: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki. Aspirini huharibu kazi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa siku 7 hadi 10. Hata hivyo, mwenye stenti ya moyo (kibomba cha kuuweka mshipa wa moyo wazi) usimwachishe aspirini kwa ajili ya urembo. Aanzie kwa daktari wake wa moyo, na pua isubiri.

Uliza pia kifafa, kiharusi, vidonge vya uzazi wa mpango, na kama damu imewahi kumgandia mguuni au kwenye mapafu. Mwenye donge la damu mshipani sasa hivi asipewe kabisa. Dawa hutoka kwa mkojo, kwa hiyo figo zikiwa dhaifu dozi ipungue.

Hatua ya 2: Shusha presha kwanza

Presha isiyodhibitiwa haina dawa ya kuifidia. Ikiwa juu asubuhi ya upasuaji, ahirisha. Mgonjwa atanung'unika, mwache anung'unike.

Hatua ya 3: Soma ampuli kwa sauti

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize zaidi. Ampuli ya traneksamiki inaweza kufanana na ya bupivakaini, dawa ya ganzi ya mgongo. Ikidungwa kwenye uti wa mgongo kwa bahati mbaya huleta degedege kali, na wagonjwa wamekufa. Shirika la Afya Duniani limeshatoa onyo. Usiiweke kwenye trei ya ganzi. Itengewe kabati lake, bomba la sindano liandikwe jina mara tu linapojazwa, na watu wawili wasome lebo kwa sauti, hata kama siku hiyo hakuna ganzi ya mgongo. Mazoea hayo ndiyo yatakayomlinda mama wa upasuaji wa kujifungua kesho, chumba hichohicho.

Hatua ya 4: Kwenye mshipa

Kwa mtu mzima mwenye figo nzima natoa gramu 1 kabla ya kisu. Ampuli nyingi zina miligramu 100 kwa kila mililita, kwa hiyo ni mililita 10, zipite kwa dakika 10 au zaidi. Ukiisukuma haraka presha inaporomoka.

Hatua ya 5: Chini ya ngozi

Wapo wanaoichanganya na lidokeini (dawa ya ganzi) na adrenalini (inayobana mishipa ya damu). Mililita 1 hadi 2 kwenye mililita 100 za mchanganyiko hutoa miligramu 1 hadi 2 kwa kila mililita, na hapo inatosha. Maabara imeonyesha kuwa ikiwa kali mno huua seli, na ngozi ya uso iliyonyanyuliwa ina damu kidogo tayari. Ukishadunga, ipe adrenalini dakika 10 angalau ndipo ukate.

Hatua ya 6: Kuamka na usiku wa kwanza

Damu nyingi inayovilia chini ya ngozi huanza mgonjwa akikohoa, akitapika au akiumwa. Toa dawa ya kutapika mapema, tuliza maumivu kwa parasetamoli, inua kichwa, pima presha mara kwa mara. Shavu moja likivimba ghafla na kukaza, mrudishe chumba cha upasuaji.

Kwa aliyefanyiwa kope, jicho likiuma sana, likijitokeza au likianza kuona giza, fungua nyuzi za mshono hapohapo kitandani huku daktari wa macho akiitwa. Usisubiri kipimo.