Namna ya kumhoji mzee aliyekuwa sekondari Dar wakati wa Vita vya Kagera

Kila mwaka darasa langu la Kidato cha Tatu, hapa Temeke, hupewa kazi moja ya likizo. Mtafute mtu aliyekuwa sekondari hapa jijini kati ya Oktoba 1978 na Juni 1979, umhoji, ulete kurasa mbili. Na kila mwaka sehemu kubwa ya zinazorudi zinafanana kama zimetoka mashine moja ya fotokopi: Idi Amin wa Uganda alivamia, Mwalimu Nyerere akatangaza vita, vijana wetu wakashinda. Hayo yamo kitabuni, sikuhitaji kukutuma kwa babu yako.

Tatizo ni swali. Ukimuuliza mzee "vita vilikuwaje?" atakujibu alivyosikia kwenye redio, kwa sababu Bukoba, mji wa upande wa Kagera, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Mwanafunzi wa Azania au Jangwani hakuona kifaru. Aliona darasa lake. Basi muulize darasa, habari ya vita itakuja yenyewe.

Kwanza, wa kumhoji. Tafuta waliozaliwa kati ya 1958 na 1965 hivi. Usipige hesabu ya kidato kwa umri wa siku hizi. Wakati ule wengi walianza darasa la kwanza wakiwa wakubwa, na kijana wa miaka 19 kukaa Kidato cha Nne halikuwa jambo la kushangaza mtu. Wengine watakukwepa: "Mimi sikupigana, mjukuu wangu, nenda kwa mzee fulani alikuwa jeshini." Mwambie kwa adabu kwamba ndiyo sababu umemfuata yeye. Na usiende mikono mitupu. Mkate na nusu kilo ya sukari vinatosha.

Kabla hujatoka nyumbani, shika tarehe chache kichwani. Si za kumsahihisha, ni za kumsaidia kukumbuka. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Kesho yake, Alhamisi ya tarehe 2, Mwalimu Nyerere akazungumza na wazee wa Dar es Salaam ukumbi wa Diamond Jubilee, ile hotuba ya sababu, nia na uwezo. Kampala ilianguka Jumatano, 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni mapigano yakawa yamekwisha.

Mbona nimeweka majina ya siku? Kwa sababu baada ya Alhamisi huja Ijumaa, na Ijumaa watoto huenda shule. Swali lako la kwanza la maana ni hili: "Asubuhi iliyofuata baada ya hotuba, mlipoingia darasani, nani aliongea kwanza?" Wazee wetu hawashiki tarehe, wanashika sikukuu. Idi Kubwa ya mwaka ule iliangukia karibu na tarehe 10 Novemba, wiki moja tu baada ya hotuba, na Kampala ilianguka siku mbili kabla ya Ijumaa Kuu. "Ilikuwa kabla ya Idi au baada yake?" Hapo mzee wa Magomeni atakujibu bila kufikiri mara mbili.

Sasa kuna kazi ambayo wanafunzi wangu huiona ya kitoto mpaka waifanye. Chukua karatasi na penseli, umwombe akuchoree chumba cha darasa lake. Mlango ulikuwa wapi, ubao wapi, madirisha yalitazama wapi, madawati mistari mingapi. Akisema hajui kuchora, chora wewe huku akikuelekeza. Kisha mrudi dawati moja moja: hapa alikaa nani? Na hapa?

Binti mmoja alimfanyia hivyo bibi yake. Monita akawekwa mahali pake, msichana aliyekuwa akinakili hesabu za wenzake akawekwa pake, bibi anacheka tu. Walipofika dawati la dirishani akasita. "Hapa alikaa Mhaya mmoja wa Kagera. Tulikuwa tunamcheka Kiswahili chake. Ile Novemba hatukumcheka tena, barua za kwao zilikatika. Mwalimu wa darasa akifungua daftari la mahudhurio, kabla hajaita jina la mtu anamtazama yule kwanza." Binti hakukimbilia swali lililofuata kwenye orodha yake. Akauliza, "Barua ilikuja?" Ilikuja, bibi akasema, baada ya Krismasi. Watu wa kwao walikuwa wamevuka mto na kukimbilia kwa ndugu. Hakuna kitabu cha kiada kitakachokupa lile tazamo la mwalimu, na lisingepatikana bila ile karatasi.

Mchoro ukikamilika, maswali yanajaa yenyewe. Mwalimu gani aliondoka, na kipindi chake kikashikwa na nani au kikabaki cha kupiga kelele? Nani alikuwa na kaka aliyemaliza Kidato cha Sita akakutwa JKT? Mgambo walikuwa wakifanya mazoezi uwanja gani, na nyinyi mlikuwa mnachungulia? Darasani kulikuwa na Waganda? Usilidharau hili. Milton Obote, rais wa Uganda kabla ya Amin, aliishi hapa Dar baada ya kupinduliwa na Amin mwaka 1971, na hakuwa Mganda pekee aliyekimbilia huku. Kisha swali langu ninalolipenda kuliko yote: kama darasani mlikuwa na kijana anaitwa Idi, alipata taabu gani? Sijawahi kuona mzee akilijibu bila kucheka kwanza.

Redio nayo ina maswali yake. Usiulize "mlisikiliza redio?" Wote walisikiliza Redio Tanzania, nani angekuambia hapana. Uliza redio ilikuwa ya nani, iliwekwa wapi, betri zikiisha mlifanyaje, na nani alikuwa na mazoea ya kuja shule asubuhi akisimulia taarifa ya habari kwa kuongeza chumvi. Kila darasa lilikuwa na mtu huyo.

Hapa niseme juu ya kupima unachoambiwa, maana kumbukumbu huchanganyika na mzee hana nia ya kukudanganya. Akikuambia alimwona Mwalimu kwenye televisheni akitangaza vita, andika, lakini weka alama pembeni. Zanzibar walikuwa na televisheni, sisi Bara tuliipata miaka ya 1990. Alichokiona ni picha zilizorushwa baadaye. Akikuimbia zile nyimbo za mchakamchaka za kumsema Amin, furahi naye, ila zisiwe ushahidi kwamba ziliimbwa shuleni kwake mwaka 1979. Ziliimbwa mashuleni miaka na miaka. Hata mimi nimezikimbilia, na nilizaliwa vita vimeshapita.

Penye mtego mkubwa ni habari za dhiki. Baada ya vita Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda ikakaa imefungwa kupita hapo. Kwa hiyo foleni ya sukari ya 1979 na foleni ya sabuni ya 1982 kichwani mwa mtu ni foleni moja. Mzee akikusimulia watu wakitupa bidhaa usiku kwa kuogopa msako, huo ni msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, wakati Sokoine akiwa waziri mkuu. Njia ya kutenganisha ni rahisi: "Wakati huo ulikuwa kidato cha ngapi, au umeshaanza kazi?" Akisema alikuwa ameshaajiriwa, si habari ya darasa lile.

Ukitaka kuhakiki zaidi, nenda Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed, uulizie magazeti ya zamani, *Uhuru* na *Daily News*. Nenda na tarehe kamili mkononi. Ukimwambia mtu wa maktaba "nataka ya vita" utakaa hapo mpaka jioni.

Kuhusu kurekodi: omba ruhusa kwanza, kisha weka simu kwenye hali ya ndege ili shangazi asipige katikati. Iweke juu ya kanga iliyokunjwa, karibu na mzee, mbali na feni. Feni imeniharibia mahojiano mengi kuliko kitu kingine chochote. Unasikia upepo tu na neno "Kyaka", penye daraja la mto Kagera, mara mbilimbili. Baada ya alasiri ni wakati mzuri, wamekwisha kupumzika na jua limepungua barazani.

Akinyamaza, nyamaza na wewe. Akisema "hilo tuliache", liache, na usilirudie kwa mlango wa nyuma. Wapo waliopoteza kaka kule, na wewe umekuja kwa ajili ya maksi.

Ukishaandika, rudi umsomee. Atasahihisha majina, na mara nyingi ndipo anapokumbuka lililo bora. Majina ya wenzake usiyaweke bila ridhaa yake, andika herufi ya kwanza tu. Mchoro upige picha, ule wa karatasi mwachie yeye. Na kabla hujaaga, muulize nani mwingine wa darasa lile yuko hai. Wengi wao wana kundi la WhatsApp, lilianzishwa kwa ajili ya michango ya misiba, na humo namba za simu zipo tayari.