Kabla ya kununua pikapu ya Land Rover 109 uifufue: mambo ya kuzingatia

Ukitangaza Tanzania kwamba unatafuta Land Rover 109 ya zamani, kila mtu atakuuliza kama uliyoiona inawaka. Kwa gari hili, hilo ni swali la kuuliza mwishoni. Injini ya 109 inafunguliwa na fundi yeyote aliyekula miaka gereji, spea zake bado zinatengenezwa, na ikifa kabisa nyingine hupatikana. Visivyo na njia ya mkato ni viwili: kadi ya gari na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Kama hivyo viwili ni vizima, hata pikapu iliyowekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, inafaa kufikiriwa. Kama vimeoza, usidanganyike na mngurumo.

Tuanze na unachokitafuta. Namba 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kama mita 2.77. Toleo la Series II lilitoka mwaka 1958, IIA ikafuata 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Series III utaijua kwa geji zilizo mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi, na kwa grili yake ya plastiki. Ina sinkro, kifaa kinachorahisisha gia kuingia, kwenye gia zote nne za mbele, wakati kwenye II na IIA gia ya kwanza na ya pili zinataka mguu unaojua kukanyaga klachi mara mbili. Kwa mtu anayefanya mradi wa kwanza, ningemshauri Series III.

Halafu amua ni ya kazi gani kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Kuna anayetaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani Solihull, rangi ile ile, kabureta ile ile. Kuna anayetaka pikapu ya kubebea mbolea na majani ya ng'ombe, iwe na sura ya zamani lakini iwake kila asubuhi. Wote wawili wako sahihi, ila magari wanayopaswa kununua ni tofauti. Wa kwanza atafute lenye injini yake ya asili hata kama imekufa. Wa pili anaweza kuchukua lililokwisha kubadilishwa na kuwekewa injini ya dizeli ya Kijapani, na huko vijijini yapo mengi ya hivyo. Anayenunua la namna moja akitaka kuligeuza liwe la namna nyingine hulipa kazi mara mbili.

Kadi sasa. Magari haya mengi yalianza maisha serikalini, kwenye mashirika ya umma, misheni au miradi ya wafadhili, yakauzwa kwa mnada, kisha yakapita mikono mitatu minne bila mtu kubadilisha umiliki. Matokeo yake, anayekuuzia si yule aliyeandikwa kwenye kadi, na aliyeandikwa huenda ni taasisi iliyokwisha kufa. Usikubali maneno ya "kaka, kadi ipo, ni kuitafuta tu". Itafutwe kwanza, ndipo mzungumze bei. Namba ya usajili na ya chesisi zipeleke TRA, mamlaka ya mapato, zihakikiwe kwenye mfumo uone jina la mmiliki. Gari ambalo bado lina bamba la zamani, kabla ya haya yanayoanza na herufi T, lichunguze kwa makini zaidi, maana linaweza kuwa limelala tangu kabla ya mfumo wa sasa.

Kuna jambo ambalo watu huona aibu kuliuliza. 109 nyingi ni mali ya mzee aliyekwisha kufariki. Mtoto mkubwa anauza, na anauza kwa nia njema kabisa, lakini kisheria hawezi kukuhamishia kitu mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba kuona barua ya uteuzi huo. Kaa pia na mjane wa marehemu na wadogo zake muuzaji, mnywe chai, wote wajue gari linaondoka na kwa bei gani. Ukiharakisha hapo, siku utakayomaliza kupiga rangi atatokea ndugu kutoka mkoa mwingine akisema gari la baba halijauzwa.

Namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe. Kibati kipo ndani ya kabini, lakini kibati hufungwa kwa riveti na huweza kuhamishwa. Namba iliyogongwa iko mbele upande wa kulia, kwenye sehemu ya chesisi inayoshika springi. Chukua brashi ya waya na tochi, ondoa tope na grisi, usome tarakimu zote, ulinganishe na kadi. Fanya vivyo hivyo na namba ya injini. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi bado inataja ya zamani, marekebisho hayo yafanyike muuzaji akiwa bado anapokea simu zako.

Chesisi ndiyo roho ya gari hili. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, haipati kutu ya kahawia, na ndiyo maana huwahadaa wengi: juu linang'aa, chini limekuwa unga. Chesisi ni boksi la chuma, na boksi huoza kuanzia ndani, ambako hakuna anayeona. Lala chini na nyundo ndogo ugonge pole pole kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu au nyundo inazama. Tumia muda zaidi kwenye boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, kwenye mikono ya pembeni inayoshika bodi, na pale springi zinapofungwa, kwa sababu tope hukaa huko mwaka mzima. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi, gari likiwa sokoni, gonga mara mbili zaidi.

Viraka si dhambi. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 40 lisilo na kiraka lina bahati. Tazama kimechomelewaje: kiraka kilichozunguka boksi na mshono uliokamilika ni kazi, bali bati lililobandikwa juu ya kutu ni kifuniko tu. Simama pia nyuma ya gari, hatua kumi hivi, ulitazame kwenye ardhi tambarare. Chesisi iliyopinda kwa ajali au kwa kubebeshwa mzigo kupita kiasi utaiona kwa bodi iliyoegemea upande na nafasi kati ya kabini na sanduku la mizigo la nyuma isiyolingana juu na chini.

Mahali gari lilipoishi pana maana kuliko kilomita, ambazo kwa vyovyote geji yake ilishakufa. Lililofanya kazi Dodoma au Singida litakuwa limekauka. Lililobeba samaki Kilwa, Bagamoyo au visiwani limekula chumvi miaka yote, na chumvi pia huamsha ugomvi kati ya alumini na chuma vinapogusana: utaona unga mweupe pembezoni mwa bolti na chini ya milango, alumini ikivimba na kupasuka.

Sumaku, kifaa cha wanaotafuta puti iliyoziba mashimo kwenye magari mengine, hapa inafanya kazi kinyume. Haishiki kwenye mabawa, bati la nje la milango wala mabati ya sanduku la mizigo, kwa sababu ni alumini. Ikishika, ujue kipande hicho kilibadilishwa kikawekwa bati la chuma. Pale inapotakiwa kushika ni kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, unaobeba pia bawaba za milango. Huu ndio wa pili kwa kuoza baada ya chesisi. Inua mpira wa sakafuni, bonyeza kwa bisibisi mahali miguu inapokaa, angalia pembe za juu chini ya kioo.

Kwa pikapu hasa, hakikisha kabini ni kamili. Paa na ukuta wa nyuma wa kabini vinafungwa kwa bolti, hivyo 109 nyingi zilivuliwa zikawekwa turubai zibebe abiria, na vipande vya awali vikaishia kwenye banda la mbuzi au skrepa. Vipande hivyo, pamoja na sehemu za juu za milango, mlango wa nyuma wa sanduku la mizigo na fremu ya kioo cha mbele, vikikosekana vinaweza kukuchukua muda mrefu kuliko kufunga injini. Andika kila kinachokosekana, upate bei yake kabla hujakubaliana na muuzaji.

Injini: ya kawaida ni silinda nne ya sentimita za ujazo 2,286, ya petroli yenye nguvu ya farasi 70 na kitu, au ya dizeli yenye 62. Dizeli yake ni mvumilivu lakini mlimani utapitwa na bodaboda yenye magunia mawili. Ipo pia ya petroli ya silinda sita, lita 2.6. Hiyo mwachie anayeipenda, spea zake ni adimu zaidi. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ili uione ikiwaka baridi. Angalia oili isiwe na rangi ya chai ya maziwa, pima kompresheni kila silinda, na silinda zikitofautiana sana uliza kwa nini.

Gia jaribu kwenye mchanga au changarawe, si kwenye lami. Kile kitufe cha njano ukikishusha kinaingiza magurudumu ya mbele, na mkono mwekundu ni wa gia nzito, huvutwa gari likiwa limesimama. Ukikimbiza magurudumu yote manne kwenye lami kavu, propela na difu hukazana hadi kitu kivunjike. Chungulia difu ya nyuma: yenye kifuniko cha bolti upande wa nyuma ni Salisbury, imara zaidi, na 109 nyingi za Series III zinayo. Mbele, zile duara za chuma kinachong'aa nyuma ya magurudumu zikiwa na vishimo, oili itavuja hata ubadilishe sili mara ngapi. Breki ni dramu magurudumu yote, kwa hiyo weka bajeti ya kuzifanya zote upya bila kubishana.

Kuhusu fedha, mimi ningetumia theluthi moja tu ya bajeti kwenye kununua. Nyingine iende chesisi, breki na ekseli, na iliyobaki ikae bila kuguswa kwa ajili ya yale yatakayoonekana bodi ikishavuliwa, maana yataonekana. Fundi mtafute kabla ya gari, na umlipe yeye siku yake ya kwenda kukagua, ili asitegemee chochote kutoka kwa dalali. Mkikubaliana kazi, mlipane kwa hatua: chesisi ikiisha, ekseli zikiisha, na kuendelea.

Nafasi watu huisahau. Gari lina urefu wa mita 4.45 na upana wa 1.68, lakini likishavuliwa bodi, sanduku la mizigo, kabini, mabawa na milango vinataka sehemu ya pili ya ukubwa huo, yenye paa na mlango wa kufunga. Alumini ina bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na milango miwili huondoka usiku mmoja.

Nunua spana za inchi. Nati zake nyingi si za milimita, na spana ya 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, yenye milimita 12.7, ikacheza kidogo na kuila pembe. Ukifika gereji ukakuta fundi ana seti ya milimita tu, mwazimishe zako kabla hajaanza. Kila kinachofunguliwa kipigwe picha, bolti ziwekwe kwenye makopo yenye maandishi, na usitupe kipande kibovu mpaka kipya kiwe mkononi na kimelingana nacho. Spea za kuigiza zipo nyingi, na nyingine zinahitaji tupa ndipo zikae.

Mpangilio wa kazi uwe kutoka chini kwenda juu. Chesisi kwanza, ipimwe pembe kwa pembe kabla ya kuchomelewa na baada. Kisha springi, ekseli na breki, ili gari liweze kusukumwa na kusimama. Kisha ule ukuta kati ya injini na kabini, injini na gia, halafu nyaya. Usihangaike kuunga nyaya zilizokwisha kuungwa na mafundi kumi, tandika mpya zote. Bodi ifungwe yote ikiwa bado haijapakwa rangi, milango ijaribiwe, ndipo ivuliwe tena ipelekwe kwenye rangi. Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa majirani, kisha mchomeleaji anaiunguza.

Baada ya safari za kwanza, zisizozidi mwendo wa kwenda sokoni, rudisha gari gereji zikazwe upya bolti za silinda hedi na zile za kushikia springi, na umwage oili ya injini mapema. Mzigo wa kwanza uwe mwepesi, njia iwe tambarare, na jeki iwepo nyuma ya kiti.