Namna ya kufunga fataki za reli treni ikikwama njiani

Mdogo wangu unayeanza ugadi wa treni njia ya Mwanza, nakuandikia hili kabla hujakwama. Treni imesimama ghafla upande wa Fela, mvua ya ziwa imefunga, miamba imeziba kona. Nyuma yenu kinaweza kuja kiberenge au treni nzima, na dereva wake hatakuona. Basi asikie: fataki uliyofunga kwenye reli italipuka gurudumu lake likiikanyaga.

1. Ondoka mara moja. Usiende kuchungulia breki, hiyo ni ya dereva wako. Chukua fataki, bendera nyekundu, na taa kama giza limeingia, uelekee inakotokea hatari. Hapa ndipo wengi hupoteza dakika.

2. Nenda mbali. Treni ya mizigo haisimami papo hapo. Umbali halisi uko kwenye kitabu chako cha kanuni, ukariri. Uingereza, alikobuni kifaa hiki Edward Cowper mwaka 1841 kwa ajili ya ukungu, kanuni iliyozoeleka ilikuwa kilomita 2, fataki 3 zikipishana mita 20. Ukisikia honi kabla hujafika, funga hapo hapo ulipo, kisha pepea bendera.

3. Funga. Fataki ni kikopo bapa cha bati chenye baruti, na masikio mawili laini ya madini ya risasi. Ikalishe juu ya reli, maandishi yatazame juu, kunja masikio kwa vidole yabane kichwa cha reli. Usigonge kwa jiwe wala nyundo, kamwe! Gurudumu ndilo linaloiponda. Tunafunga 3 kwa sababu moja yaweza kuwa imeingia unyevu, na milipuko inayofuatana dereva hawezi kuidhania kokoto.

4. Sogea mbali na reli, maana bati huruka vipande. Karibu na mjini watu wamezoea kupita relini, wamama na beseni za dagaa, watoto wa shule. Waondoe kwanza. Kwenye kivuko cha barabara au jukwaa la stesheni usifunge.

5. Njia ikifunguliwa, zitoe ambazo hazikulipuka, uzihesabu. Mtoto akiokota moja ataiona mchezo. Usiku mmoja nilipungukiwa moja, nikarudi na taa peke yangu. Niliikuta bado imebana reli, imelowa umande.